Fimbo ya Saba

Mwezi wa tisa, dambo ni zulia la majivu.
Moto wa nyasi umepita, umeviacha vichuguu
vimesimama kama vyungu vilivyosahauliwa jikoni.
Unatoka barabara ya Kasumbalesa, unashuka hadi Kafubu,
na kiatu hakishiki hata tone.
Huo ndio mwezi wa kuuza viwanja.

Changu nilikinunua siku kama hizo,
ishirini kwa thelathini, karatasi yenye mihuri miwili.
Muuzaji alikanyaga ardhi kwa kisigino:
sikia, ngumu kama sakafu ya kanisa.
Nikasikia. Nikalipa.

Mwezi wa kumi, ofisi ikanipa fimbo sita za chuma.
Nikazipaka nyekundu na nyeupe,
mstari kila sentimita tano,
nikazisimika kutoka ukingo wa mto hadi miombo inapoanzia.
Kila Jumatano nizisome, niandike.

Huko juu setilaiti inapita na rada yake,
mawingu kwake si pazia.
Maji yaliyotulia huyaona meusi, meusi kama kaniki,
lakini maji ya dambo hayapendi kuonekana.
Yanalala chini ya nyasi kama mdeni chini ya shuka,
na nyasi zikisimama ndani yake picha inang'aa,
mgeni aliye mbali anasema: hapo pakavu.
Ndiyo maana wananituma mimi, na buti.

Mama Mujinga Kyalwe analima kabichi karibu na fimbo ya nne.
Matuta yake marefu, mifereji yake myembamba.
Siku ya kwanza alinitazama nikigonga chuma,
akaweka jembe chini:
«Weye unapima na chuma. Miye napima na muguu.
Mwaka ya jana ilinifika hapa.»
Akanionyesha kovu, chini kidogo ya goti.
Nikapima kutoka kisigino: thelathini na nane.
Fomu haikuwa na safu ya makovu.
Nikachora safu.

Januari.
Fimbo ya kwanza, sitini na mbili.
Ya pili, arobaini na tisa.
Ya tatu imeibwa, mji huu chuma hakilali nje.
Ya nne, thelathini na tano, na Mama Mujinga
anavuna kabla ya wakati, mdomo kaufunga.
Ya tano, kumi na tano.
Ya sita, matope tu,
na chura mmoja juu yake kama karani.

Usiku nikaunganisha namba na picha,
umeme ukienda, ukirudi, ukienda.
Buluu ikapanda kwenye skrini taratibu,
ikazunguka kichuguu, ikapita uchochoro wa matofali,
ikaingia ishirini kwa thelathini
bila kubisha hodi.

Nikakuza picha. Nikaipunguza. Nikakuza tena.
Kila kiraka ni mita kumi kwa kumi.
Viraka sita vya buluu, vyote vyangu.
Kidole kimoja kingetosha kuvifuta,
na nani angejua?
Jirani aliyekwisha kumwaga msingi angejua,
siku godoro la mwanawe litakapoelea.
Mguu wa Mama Mujinga ungejua.

Nimeiacha buluu.
Asubuhi nikachukua mpini wa jembe lililovunjika,
nikaupaka rangi iliyobaki,
nyekundu iliisha katikati, nikamalizia na mkaa,
nikausimika pale nilipotaka kuweka sebule.
Fimbo ya saba. Haimo kwenye bajeti.
Jumatano ilisoma kumi na moja.
Jumatano iliyofuata, kumi na tisa.

Mke wangu, Kapya, aliuliza tunaanza lini kujenga.
Nilimfungulia ramani kwenye simu.
Akaitazama muda mrefu,
akaigeuza kana kwamba upande mwingine
ungekuwa na habari tofauti,
kisha akanirudishia, akauliza
kabichi za yule mama huuzwa bei gani.